Sitoki kwenye Grupu la Uzi

Jumanne, 3 Juni 2025

Sitoki. Naandika hapa ili kesho nikilegea nisome: sitoki kwenye grupu!

Wifi Jenista alikuja asubuhi kurudisha sufuria. Akanikuta nacheka na simu, mwanangu Lusungu yuko mgongoni. Akauliza nacheka nini. Nikamwambia kuna mama wa Mbebe, huko Ileje, kanisifia kofia ya mtoto. Unamjua? Simjui. Umeshamwona? Sijamwona. Akajipiga paja. Eti Yunisi, majirani wa hapa Sogea huwasalimii vizuri, unamshukuru mtu wa kwenye simu!

Uongo. Majirani nawasalimia. Wao ndio wanaitikia huku wanaangalia ukuta.

Basi niandike, maana kumweleza wifi siwezi, ananikatiza. Grupu linaitwa Uzi na Sindano. Tuko themanini na kitu. Wa Ileje, wa Vwawa, wa Mbeya, na mama mmoja wa Nakonde ambaye kila akimaliza kusema anaweka mukwai, neno lao la heshima. Kazi yetu kufuma tu. Vitambaa vya makochi, kofia, soksi za watoto, mashali. Hakuna anayetafuta mchumba, hakuna siasa, hakuna picha za ajali. Ukiingia bila salamu hakuna anayekufokea. Bi Tumpale, yule wa Mbebe, ndiye admini, anakusalimia yeye. Anakusalimia tena. Mpaka aibu inakushika, unasalimia!

Mimi nimeishia la saba. Maelezo ya kufuma yanakuja kwa Kiingereza, nayaona kama sisimizi. Sikuuliza kwa wiki mbili, naona haya. Siku nilipouliza, Bi Tumpale akatuma voisi, anahesabu pole pole — cheni moja, cheni mbili, sasa rudi kwenye kitundu cha kwanza. Nyuma yake jogoo anawika. Dakika sita! Bando lake. Kwa mtu asiyemjua.

Kitambaa changu cha kwanza kilitakiwa kiwe mduara. Kikatoka kama chapati iliyokanyagwa. Nikaposti hivyo hivyo, nikazima data, nikakaa roho juu. Nilipowasha nikakuta hongera kumi na saba.

Jenista aseme anachotaka.

Alhamisi, 5 Juni

Baridi kali. Lusungu pua zinatiririka, lakini anacheka. Ana miezi saba na meno mawili, anayatumia kwenye uzi wangu.

Namfumia shali. Jeupe, ukingo wa njano. Mistari minane imeshaisha. Lakini kila mstari unazidi kuwa mfupi! Upande wa kulia unakula ndani, shali linataka kuwa pembe tatu. Nimefumua mara mbili. Leo nikaposti picha, nikaomba msaada.

Sasa kwetu kuna utaratibu, nadhani hauko popote duniani. Ukitaka kumsahihisha mwenzako, lazima uanze kwa kuposti kosa lako mwenyewe. Picha. Siyo maneno tu. Aliuanzisha Bi Tumpale baada ya dada mmoja kuchekwa akatoka analia. Kwa hiyo mtu akikosea, grupu zima linajaa vituko: soksi moja ndefu, moja fupi, sweta lisilo na tundu la kichwa, kitambaa kilichofumwa pamoja na kona ya gauni la mwenyewe!

Ezron ndiye aliyeliona kosa langu. Ezron ni dereva wa malori, anakwenda Kopabeti, huko kwenye migodi ya Kongo, anarudi. Anafuma akiwa kwenye foleni. Akaposti kofia aliyofuma, ameivika goti lake, haiingii hata kwenye goti. Halafu voisi: samahani mama Lusungu, hiyo ndiyo aibu yangu, nilikuwa naruka kitundu cha kwanza kila nikigeuza mstari. Nadhani na wewe unakiruka. Jaribu ukishike, mukwai. Hilo la mukwai kalitoa Zambia.

Nikaangalia. Kweli! Kila nikigeuza naruka.

Niliacha sindano nikakaa. Shuleni nikikosea, fimbo. Kliniki nikikosea tarehe, nesi anapaza sauti benchi zima lisikie. Kwa mama mkwe nikikosea chumvi, inasimuliwa hadi kijijini kwao, Ndalambo. Leo mtu kanionyesha kosa na sikuumia popote. Nimejipapasa, kweli, sikuumia.

Nikafumua yote, nikaanza upya. Mstari wa tisa umenyooka.

Jumapili, 8 Juni

Imeharibika.

Baada ya ibada walikuja nyumbani kula, Jenista na mumewe na wazee wawili wa kwaya. Niko jikoni nasonga ugali. Jenista akachukua simu yangu aone picha za Lusungu. Mimi mwenyewe nilimruhusu! Akafungua grupu. Akabonyeza voisi ya mwisho.

Sauti ya Ezron, nzito, nyumba nzima. Hongera sana mama Lusungu, nimefurahi, umenyooka vizuri kweli kweli, sasa usilegeze mkono.

Alikuwa anasema mstari! Mstari ndio umenyooka!

Mzee mmoja wa kwaya akakohoa. Jenista akairudia mara ya pili, eti hakusikia vizuri. Nikasema ni mambo ya kufuma. Akasema tumesikia, wifi, usilegeze mkono. Mumewe akacheka mpaka akapaliwa na maharage.

Watson, mume wangu, hakucheka. Alikula, akanawa, akawasindikiza wageni, akarudi, akalala bila kusema. Watson akinyamaza ni vibaya kuliko akigomba.

Na ukweli niuandike hapa. Sikuwahi kumwambia kwamba grupuni kuna mwanaume. Aliwahi kuniuliza, ni akina mama tu? Nikasema tuko wengi.

Jumatatu, 9 Juni

Watson kasema nitoke leo hii.

Nimesema hapana.

Akarudia, labda sikusikia. Nimesikia, baba Lusungu. Hapana.

Miaka mitatu ya ndoa, sijawahi kumwambia hapana mara mbili siku moja. 

Jumanne, 10 Juni

Nilikuwa nafua nepi nje. Simu iko kwenye chaji ndani. Watson alirudi mchana, siyo kawaida yake, bajaji yake ya mizigo huwa inashinda mpakani mpaka jioni. Nikasikia anaongea peke yake sebuleni. Nikajua. Nikakimbia na mapovu mikononi.

Alikuwa ameshatuma.

Nimeisikiliza mara nne. Anasema mimi ndiye mwenye mke hapa. Anasema ninyi ni wahuni mnajificha kwenye nyuzi. Halafu — wewe dereva unayefuma kama mwanamke, vaa na gauni, uje nikuone.

Kwa watu themanini! Kwa jina langu, kwa picha yangu, nimembeba Lusungu!

Nilitaka ardhi inimeze. Nikasema sasa watamtukana, watanitukana, wataniondoa. Tukakaa wote wawili tunaangalia simu, yeye amesimama, mimi nimechuchumaa. Dakika moja. Mbili.

Bi Tumpale akaandika: "Habari za mchana baba Lusungu. Karibu sana. Mtoto mafua yamepungua?"

Basi. Hivyo tu.

Halafu mama wa Nakonde: mulishani mukwai, karibu shemeji. Halafu dada wa Vwawa. Halafu mwingine, na mwingine. Salamu! Ishirini na tatu, nimezihesabu. Hakuna hata mmoja aliyemrudishia tusi. Mmoja akamuuliza hapo Tunduma baridi imefikia wapi. Watson akawa anasoma mdomo uko wazi kidogo. Nilimwona. Alikuja kupigana, wanamvutia kiti!

Nilijivuna nao. Naandika ukweli, nilijivuna kama ni ndugu zangu wa damu.

Kisha Ezron. Hakutuma voisi, aliandika. Kasema samahani shemeji, hujakosea kuuliza kwenye nyumba yako. Sitaki nyumba ivurugike kwa ajili ya uzi. Mama Lusungu, kile kitundu cha kwanza usikiruke.

Chini yake maandishi madogo: Ezron amelefti.

Yeye! Aliyekosewa ndiye kaondoka, aliyekosea kasimama sebuleni kwangu na viatu!

Watson kasema, si umeona, kakimbia, alikuwa na jambo. Nikamwambia rudisha simu yangu. Akarudisha.

Jumatano, 11 Juni

Sijafuma. Sijapika mboga, nimepika ugali na chumvi. Aulize.

Hakuuliza. Kala.

Alhamisi, 12 Juni

Leo nimesema naye.

Usiku wote nilikuwa napanga maneno makali. Asubuhi nikaona, hapana, nitamsahihisha kama tunavyosahihishana sisi. Alipokaa kunywa chai nikamwambia, baba Lusungu, nianze na kosa langu. Uliniuliza kama ni akina mama tu. Nikakujibu tuko wengi. Nilikuficha. Niliogopa utanikatalia kabla sijaanza. Hilo ni langu, naomba unisamehe.

Akaweka kikombe chini. Nadhani alijiandaa kwa kelele.

Nikasema, sasa la kwako. Umemtukana mtu mbele za watu, na hukumwuliza hata jina la baba yake. Kaondoka ili wewe ukae vizuri. Nataka umwombe radhi. Palepale ulipomtukania, grupuni, wote wasikie.

Akasema mwanaume gani anafuma?

Nikamwuliza babu yako kule Ndalambo alikuwa anasuka nini, mpaka watu wanatoka Msangano kuja kumwagizia? Akasema ile ni mikeka. Na vikapu. Nikasema alisuka kwa nini, kwa nyundo? Kwa mikono! Akasema ni tofauti. Tofauti gani? Akasema vikapu vinabeba mahindi.

Nusura nicheke. Na yeye nusura acheke, niliona shavu. Lakini akakaza.

Halafu akatoa lililokuwa linamuuma. Kumbe mume wa Jenista alishafikisha habari maegeshoni. Wenzake wakimwona wanasema usilegeze mkono! Wanamwita shemeji wa dereva. Jumatatu yote, Jumanne asubuhi yote. Ndiyo maana alirudi mchana.

Nilimwonea huruma, ni mume wangu. Nilitaka kumshika kichwa. Lakini nikasema, sasa umeonja ladha yake. Ndicho ulichompa Ezron, na yeye hakukurudishia.

Akasema kama ni mtu mzuri, aje asimame mbele yangu nimwone uso. Siyo kwenye simu. Akavaa koti akatoka.

Chai hakuimaliza.

Jumamosi, 14 Juni

Bi Tumpale kanipigia. Kupiga kabisa, siyo voisi! Sauti ile ile, jogoo yule yule. Aliuliza mtoto, akauliza baba Lusungu, akauliza shali limefika wapi. Hakugusa jambo lile hata kidogo mpaka mimi nilipoligusa. Nikamwambia naona aibu. Akasema usione aibu mwanangu, nyumba zote zina kelele. Nikamwambia ndaga, mama. Akacheka kusikia namshukuru kwa Kindali.

Mwishoni ndipo akasema Ezron yuko Mpemba. Ana siku ya tatu kwenye foleni, haisogei. Zamani akiwa kwenye foleni alikuwa anafuma, na kila saa anatutumia picha, sasa tangu alefti amekaa tu, hatumi kitu. Bi Tumpale hakusema nenda. Hakusema usiende.

Mpemba! Nauli ya bajaji tu. Watson kataka kuona uso, uso uko Mpemba!

Alipoingia nikamwambia nikiwa nimesimama, nisipate nafasi ya kulegea. Kesho baada ya ibada nakwenda Mpemba kumwomba radhi Ezron. Mchana kweupe. Na mtoto mgongoni. Ukitaka twende wote, usipotaka nitakwenda na nitarudi na kupika.

Jenista alikuwepo. Akasema makubwa! Mwanamke anaaga anakwenda kwa dereva! Mimi ningekuwa Watson ningeficha viatu vyako. Nikamwambia wifi, nitakwenda na ndala. Akaniuliza nani kakufundisha kujibu? Nikasema ni ninyi hapa nyumbani, kwenye simu tunafundishwa kusalimia tu.

Watson akauliza ugali uko wapi.

Shali limeisha. Limenyooka pande zote mbili.

Jumapili, 15 Juni

Mpemba. Naandika nimekaa kwenye benchi la mama wa chai, daftari juu ya paja, hapa hapa, nisije nikasahau hata moja.

Watson kanisani alikaa upande wa wanaume, hakugeuka. Nilipotoka sikumwona. Nikapanda bajaji ya abiria mwenyewe.

Malori hayana mwisho. Nilitembea, Lusungu kafungwa ndani ya shali lake jipya, madereva wanapika pembeni ya matairi, wananiuliza mama unatafuta nani? Nasema Ezron, anayefuma. Nilidhani watacheka. Mmoja akasema aa, fundi! Akavuta kofia yake kichwani anionyeshe — ni yeye kaifuma. Lori la kichwa cha bluu, kasema, hapo mbele, utaona kitambaa cha njano kwenye dashibodi.

Ezron ni mtu mzima. Ndevu nyeupe kidogo, miwani imefungwa kwa uzi upande mmoja. Hata angekuwa kijana wa miaka ishirini na tano ningekuja vile vile, niandike hivyo! Nikasema shikamoo, mimi ni mama Lusungu. Akashuka haraka mpaka akakosa ngazi. Marahaba, marahaba. Hakunishika mkono mpaka mimi nilipoutoa. Akamwangalia mtoto, akaangalia shali, akafuata ukingo kwa kidole bila kuligusa. Akasema hukuruka hata kimoja.

Tukaja hapa kwenye benchi, mbele za watu wote, mama wa chai katikati yetu. Nikamwomba radhi. Nikamwambia rudi grupuni. Akakataa.

Akasema kwa upole, mwanangu, aliyenifukuza ni mwenye nyumba. Wewe huwezi kunifungulia mlango aliofunga yeye, nitaonekana napitia dirishani. Nikirudi bila neno lake, yale aliyosema yatakuwa kweli.

Nilikasirika! Nilimwambia baba, huo ustaarabu wenu umezidi! Mtu anatukanwa na bado anaomba ruhusa! Akacheka, jino moja la mbele halipo. Akasema ndiyo, umezidi kidogo, lakini ndio nilio nao.

Mama wa chai akasema huyu mumeo anaitwaje? Nikamwambia Watson, ana bajaji ya mizigo. Akasema nyekundu? Nikageuka.

Ng'ambo ya barabara. Nyekundu. Watson kwenye usukani na shati la kanisani. Na nyuma, juu ya magunia, Jenista! Na kilemba chake cha ibada, ameshika chuma kwa mikono miwili, vumbi mpaka kwenye kope. Sijui nani kamleta mwenzake.

Hawajavuka. Injini inaunguruma. Watson anaangalia benchi. Anamwangalia Ezron, zile ndevu, ile miwani. Ezron kasimama, kavua kofia. Hakupunga mkono. Hakukaa.

Na sasa hivi, sasa hivi ninavyoandika, foleni imesogea! Siku ya nne, ndiyo inasogea! Lori la mbele limeondoka, mbele ya kichwa cha bluu kuna nafasi, inazidi kuwa kubwa. Wa nyuma wanapiga honi. Utingo mmoja anapiga kelele, mzee panda, utaingiliwa! Nimemwambia baba, nenda, nenda, utapoteza siku zako zote! Haendi. Kofia iko mkononi, anamngoja Watson.

Lori jeupe limetoa kichwa pembeni. Linaingia mbele yake. Limeingia. La pili linafuata.

Watson anaishi mpakani. Hakuna asichokijua kuhusu foleni. Anayaona yanaingia, moja, mawili, na anamwona mzee hapandi. Jenista anamwambia kitu sikioni, yeye hasikilizi.

Kazima injini. Anavuka.